VAT ya kifurushi kinachotoka Malindi: jua nani anaikusanya kabla hujafunga boksi

Mteja wa Milano aliyekuja likizo Malindi amerudi kwao, na sasa ameagiza kikapu cha ukili kupitia soko la mtandaoni. Kikapu ni €80, usafirishaji €30. Kabla hujashika selotepu, jibu swali moja: VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mzigo huu inakusanywa na nani? Soko lenyewe, wewe, au anayeleta kifurushi mlangoni kwa mteja? Vifurushi hukwama pale swali hili linapojibiwa mara mbili, au lisipojibiwa kabisa.

Kwanza tenganisha ushuru wa forodha na VAT. Mkataba wa kibiashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, unahusu ushuru wa forodha kwa bidhaa zenye asili ya Kenya. VAT haiguswi. Ukimwambia mteja "hakuna kodi, tuna mkataba" halafu akadaiwa asilimia 22 ya Italia, ataona umemtapeli, na ana haki. Ujerumani ni asilimia 19, Ufaransa 20. Kinachoamua kiwango ni nchi anakopokelea mzigo.

Ulaya: mstari wa €150

Zamani kifurushi cha hadi €22 kilisamehewa VAT. Msamaha huo ulifutwa tarehe 1 Julai 2021, ukaja mfumo unaoitwa IOSS, ambao VAT hukusanywa wakati wa kununua, kwa mizigo isiyozidi €150. Ukiuza kupitia soko la mtandaoni, sheria inalihesabu soko kuwa ndilo muuzaji: linatoza VAT mteja anapolipa na kuipeleka serikalini. Kwa kikapu chetu, VAT inahesabiwa juu ya bei pamoja na usafirishaji: 22% ya €110 ni €24.20. Mteja analipa €134.20, na hapaswi kudaiwa VAT tena.

Lakini namba ya usajili wa soko kwenye IOSS isipofika forodhani, atadaiwa tena. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Namba hiyo ina herufi IM na tarakimu 10, na soko hukupa pamoja na oda. Kuiandika kwa kalamu juu ya boksi hakusaidii. Lazima iingie kwenye data ya kielektroniki ambayo posta au kampuni ya usafirishaji inatuma kabla ya mzigo. Ukiwa kaunta, muulize mhudumu iko kwenye sehemu gani ya fomu yake, na uione kwa macho yako kwenye skrini kabla ya kulipa. Isipokuwepo, forodha ya Italia itatoza VAT upya, msafirishaji ataongeza ada yake, mteja atakataa mzigo, nawe utabaki na gharama ya kuurudisha. Namba ya soko moja pia usiitumie kwa oda iliyotoka kwingine.

€150 ni thamani ya bidhaa zilizo ndani ya mzigo, bila usafirishaji na bima, mradi gharama hizo zimeandikwa peke yake kwenye ankara. Ukiandika "€170 pamoja na usafirishaji" kwa bidhaa ya €140, umejitoa mwenyewe kwenye IOSS. Mteja akiagiza vikapu viwili vya €80, ni €160: mzigo unapita njia ya kawaida, na VAT inalipwa ukiingia. Usiigawe oda moja makusudi iwe vifurushi viwili ili kuukwepa mstari huo. Forodha wana ruhusa ya kuviunganisha.

Kuna badiliko jingine la kuweka kwenye bei. Mizigo isiyozidi €150 ilikuwa haitozwi ushuru wa forodha. Mnamo Desemba 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana kutoza €3 kwa kila aina ya bidhaa ndani ya kifurushi, kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Vikapu viwili vya namna moja ni aina moja. Kikapu na kinyago ni aina mbili, yaani €6.

Je, kama unauza kwa tovuti yako mwenyewe? Muuzaji wa Kenya hawezi kujisajili IOSS bila wakala aliye ndani ya Umoja wa Ulaya, na wakala hulipwa. Kwa anayetuma vifurushi vichache kwa mwezi, naona haifai. Afadhali utumie kampuni inayosafirisha kwa mpango wa DDP, ambapo kodi unailipa wewe mapema na kuiweka kwenye bei.

Fomu

Maelezo kama "zawadi", "sampuli" au "kazi za mikono" hayatoshi. Andika kitu, kimeundwa na nini, vipande vingapi, uzito, thamani, nchi ya asili, na msimbo wa HS (namba ya kimataifa ya aina ya bidhaa) wa tarakimu 6. Vikapu vya majani ya mkindu au mkoma: 4602.19. Vinyago vya mbao za miti ya kitropiki: 4420.11. Tangu 2022 msimbo wa zamani, 4420.10, haupo tena, ingawa bado unanakiliwa. Kuiita bidhaa iliyouzwa "zawadi" ni kudanganya forodha.

Uingereza na Marekani

Uingereza mstari ni £135 tangu 1 Januari 2021, na VAT ni asilimia 20. Soko la mtandaoni linaikusanya. Ukiuza mwenyewe moja kwa moja, unatakiwa kujisajili kule kuanzia mauzo ya kwanza. Muuzaji wa nje hana kiwango cha chini cha kusamehewa. Marekani haina VAT; kodi ya mauzo ni ya majimbo, na kwa kawaida soko ndilo huishughulikia. Kilichobadilika sana ni msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya hadi $800, uliositishwa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Uliza msafirishaji ushuru unalipwa na nani kabla ya kutangaza bei.

Upande wa nyumbani

Bidhaa zinazouzwa nje ya Kenya zina VAT ya kiwango cha sufuri, tofauti na kusamehewa: aliyesajiliwa anaweza kudai VAT aliyolipa kwenye vifaa na usafirishaji. Usajili ni lazima mauzo yako yanayotozwa VAT yakifika KSh milioni 5 kwa miezi 12, na ya kiwango cha sufuri yanahesabiwa humo. Ili sufuri ikubalike, weka pamoja ankara, hati ya forodha ya kutoa mzigo na uthibitisho wa malipo. Ripoti ya VAT huwekwa kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya mapato (KRA), kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama mwezi mzima umeuza nje tu.