Asteya: Namna ya Kuishi bila Kuchukua Kisichotolewa

Wengi wanaoanza yoga hukutana kwanza na mkeka, pumzi na mikao, ilhali katika Yoga Sutra, mafundisho ya kale ya yoga yaliyoandikwa na Patanjali wa India, mikao ni hatua ya tatu kati ya nane. Hatua ya kwanza ni yama, yaani miiko mitano ya kuishi na wengine: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kuzuia matamanio ya mwili na kutolimbikiza mali. Mwiko wa tatu, unaoitwa asteya, ndio ninaotaka kuueleza hapa, kwa sababu ndio ambao wasomaji huupita haraka kuliko yote. Mtu husema moyoni kwamba yeye si mwizi, kisha akafungua ukurasa unaofuata.

Kiswahili chenyewe kinatuonyesha kwa nini haifai kuupita hivyo. Tuna kuiba na kupora, lakini tuna pia kudokoa, kupunja, kudoea na kudhulumu. Aliyekulia katika nyumba yenye watoto wengi hahitaji kuelezwa kudokoa ni nini: kifuniko cha sufuria huinuliwa taratibu kisigonge, kipande cha nyama huchomolewa, kisha mchuzi husawazishwa kwa upawa ili pengo lisionekane. Kule kusawazisha mchuzi ndiko kunakoonyesha kwamba moyo ulikwisha kujua. Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, ambao nao wana asteya miongoni mwa viapo vyao vitano, hueleza wizi kwa maneno machache kwamba ni kuchukua kisichotolewa. Maelezo hayo hayaulizi thamani ya kitu, wala kama mwenyewe atagundua. Naye Vyasa, mfafanuzi wa kale wa Patanjali, alisema kwamba asteya ni kutokuwa hata na tamaa ya kitu cha mwingine. Kwa kuwa tamaa haiondoki kwa kuamriwa, mimi hushauri mazoezi yaanzie mkononi, halafu yaelekee moyoni polepole.

Anza na daftari dogo. Kwa siku 7, kila usiku kabla ya kulala, andika ulichochukua siku hiyo bila kupewa, na uandike kitu chenyewe badala ya kujilaumu kwa jumla: kalamu ya ofisini, dakika 20 za mtu aliyekungoja, vocha uliyoahidi kulipa jioni ukanyamaza. Aya ya 34 ya sura ya pili ya Yoga Sutra inayagawa makosa haya katika mafungu matatu, nayo ni yale tuliyoyatenda wenyewe, yale tuliyomfanya mwingine ayatende, na yale tuliyoyaridhia. Weka alama ya fungu mbele ya kila jambo. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilishangaa kuona kwamba fungu la tatu ndilo lililojaza kurasa, kwa maana ndilo lenye simu inayouzwa kwa bei ambayo kila mnunuzi anajua haiwezekani, na ndilo lenye ukimya wetu pale kondakta anapomrudishia bibi kizee chenji pungufu.

Baada ya wiki hiyo, shughulikia vitu vya kuazima, kwa sababu vinaonekana kwa macho na kazi yake ina mwisho. Zunguka nyumba yako chumba kwa chumba. Mitaani kwetu vyombo vinavyopelekwa kwenye msiba au harusi hutiwa alama ili kila mmoja akitambue chake, na siku niliyofanya msako huu jikoni kwangu nilikuta chini ya sufuria moja kitone cha rangi nyekundu ya kucha, kimechakaa upande mmoja kwa kusuguliwa. Haikuwa alama yetu. Ilikuwa ya jirani, na sufuria hiyo ilikuwa imepikiwa wali wetu kwa zaidi ya mwaka. Sikuwa nimekusudia kuichukua, lakini tangu siku nilipoiona alama ile, kila siku ambayo ningeendelea kupikia ingekuwa ya makusudi. Kwa hiyo rudisha siku hiyo hiyo unayogundua, peleka mwenyewe badala ya kumtuma mtoto, na useme wazi kwamba umekaa nayo muda mrefu. Kuanzia hapo, kila unapoazima kitu, taja siku ya kukirudisha kabla hujakishika. Kama huwezi kutaja siku, basi unachoomba ni kupewa, nawe uombe kwa neno hilo.

Muda wa watu ni mgumu zaidi, na nakiri kwamba hapa ndipo nimejikwaa mara nyingi. Tukubaliane kukutana watu 9 saa mbili kamili asubuhi, kisha mmoja wetu akafika saa mbili na nusu, amechukua nusu saa kwa kila mmoja wa wale 8 waliobaki, jumla saa 4 ambazo hana namna ya kuzirudisha. Zoezi la kwanza ni kuacha kusema “nipo njiani” kabla hujavuka kizingiti cha mlango wako, maana neno hilo humzuia anayekungoja asifanye jambo jingine. Zoezi la pili ni kupiga simu kabla ya saa ya ahadi kupita, ukataja saa ambayo kweli utafika, hata kama inakuaibisha. Fundi naye asipokee kitambaa cha sikukuu wakati anajua kwamba meza yake imejaa. Katika fungu hilohilo naweka mshahara wa mtu anayetufanyia kazi nyumbani: mwezi ukiisha, fedha ile ni yake, na kila siku tunayoishikilia huku tukinunua vitu vyetu, tunatumia mali yake bila ruhusa.

Kuhusu vipimo, Wajaini wamefika mahali ambapo sisi tunapafahamu vizuri sana. Wanahesabu namna tano za kukiuka kiapo hiki, zikiwemo kupokea mali ya wizi, kutumia mizani na vipimo vya uongo, na kuuza kitu kilichochanganywa kana kwamba ni halisi. Fikiria lumbesa, lile gunia la viazi linalojazwa hadi kupita mdomo wake, likashonewa kamba juu kama kilemba, huku mkulima akilipwa kwa gunia moja tu. Mnunuzi anayedai lijazwe hivyo amepunja, hata kama bei walikubaliana, kwa sababu mkulima mwenye viazi vitakavyooza hakutoa ile nyongeza kwa hiari. Ukiwa mfanyabiashara, nunua na uuze kwa kilo. Ukiwa mnunuzi wa kawaida sokoni, omba nyongeza mara moja kwa upole, na ukinyimwa usichukue nyanya ya ziada ukijifanya unachagua.

Maneno na mawazo ya watu yana kanuni rahisi: taja uliyemsikia akisema kabla hujasema mwenyewe, hasa mbele ya bosi.

Mohandas Gandhi, mpigania uhuru wa India, aliyeweka kutoiba miongoni mwa viapo vya ashram yake, yaani makazi ya pamoja ya wafuasi wake, aliwaandikia wanaashram mwaka 1930 kutoka gereza la Yeravda, akaeleza kwamba ni wizi kupokea kitu tusichokihitaji hata kama mwenyewe ametupa ruhusa. Hili ni kali, nami sishauri aliyeanza juzi alibebe lote. Lijaribu kwenye sahani: katika shughuli yenye chakula cha kujipakulia, chukua kidogo, ule, ndipo urudi, ukikumbuka waliosimama nyuma yako kwenye foleni.

Hata kwenye mkeka kuna udokozi. Anayevuta misuli kwa nguvu ili afanane na mwenzake wa mbele anachukua kutoka mwilini mwake kile ambacho mwili haujatoa. Pumzi ikianza kukatika, legeza.

Ukijikuta mkono umekwisha kunyooka, Patanjali anaelekeza kuleta wazo la upande wa pili. Mimi hulileta kwa kumtazama mwenye kitu akilini: amerudi, anakitafuta, anauliza watoto wake, anamshuku asiyehusika. Mara nyingi picha hiyo hutosha kurudisha mkono.

Yapo madeni ambayo wenyewe wamehama au wamefariki. Kwanza tafuta warithi, uwaeleze na kuwakabidhi. Wakikosekana kabisa, toa thamani yake kwa mhitaji kwa jina la mwenye mali, kisha andika daftarini siku uliyotoa na kiasi ulichotoa, ili siku mmoja wa watu wake akibisha hodi uwe na la kumwonyesha.