Kabla hujatuma makala yako ya afya kwenye jarida huria

Makala yetu ya kwanza ilihusu kichocho kwa wavuvi wa mwalo wa Igombe, Mwanza. Tulikuwa watatu: mimi tabibu, afisa uvuvi na dada mmoja wa sosholojia. Tukapata barua pepe tamu: "Mheshimiwa Profesa, tutakuchapisha ndani ya siku tano." Profesa gani, na mimi nina diploma? Tukachanga, tukalipa. Leo tovuti yenyewe haifunguki.

Kwa hiyo anza na jina la jarida. Litafute kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria (yanayosomwa bure mtandaoni) iliyoanza 2003, au AJOL kwa majarida ya Afrika. Kisha fungua makala zake mbili tatu uzisome. Kama ya kichocho imekaa jirani na ya zege, funga ukurasa, kanywe chai.

Ada ya kuchapisha ndiyo inayoua. Wachapishaji wengi hupanga msamaha wa ada kwa orodha ya Benki ya Dunia ya vipato vya nchi, na Tanzania ilipanda kipato cha kati cha chini Julai 2020; mahali pengine msamaha kamili umegeuka punguzo. Uliza siku ileile unayotuma. Ukisubiri makala ikubaliwe, mara nyingi umechelewa.

Vibali vya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, viwe mkononi, cha maadili na cha kuchapisha.

Leseni ya makala ikiwa CC BY, yeyote anaweza kutafsiri na kusambaza bila kukuomba, mradi akutaje. Sisi tulitoa ukurasa mmoja wa Kiswahili, tukaubandika pale mwaloni, karibu na mizani ya dagaa.