Jinsi ya kujenga fungu la kadi la Phelddagrif, kiboko mwenye mabawa

Katika mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering, uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, yumo kiboko wa rangi ya zambarau mwenye mabawa aitwaye Phelddagrif. Alitoka katika toleo la Alliances mwaka 1996, na jina lake ni herufi za maneno "Garfield, Ph.D." zilizopangwa upya. Wachezaji wengi humchukulia kama pambo la mkusanyaji. Mimi humchezesha kama Kamanda, yaani kiumbe anayeongoza fungu zima katika mtindo wa mchezo uitwao Commander, na nimejiridhisha kwamba fungu lake hushinda pale tu kila zawadi anayoitoa inapohesabiwa kabla haijatoka mkononi.

Hatua ya 1: Msome kiboko mwenyewe

Kumwita kunagharimu mana 4 (mana ni nguvu ya kulipia kadi, itokayo hasa kwenye kadi za ardhi), yaani moja ya kijani, moja nyeupe, moja ya buluu na moja ya aina yoyote, naye huingia mezani akiwa na nguvu 4 na uimara 4. Ukilipa mana moja ya kijani, anapata uwezo wa kukanyaga, ambapo madhara yanayomzidi mzuiaji humfikia mchezaji, lakini mpinzani utakayemchagua anapata kiboko mdogo wa 1/1, yaani nguvu 1 na uimara 1. Ukilipa nyeupe, anaruka hadi mwisho wa zamu, na mpinzani anaongezewa uhai 2. Ukilipa ya buluu, anarudi mkononi mwako, na mpinzani ana hiari ya kuvuta kadi moja. Hakuna hata uwezo mmoja kati ya hizo unaokulazimu kusubiri zamu yako, na hapo ndipo thamani yake yote ilipo.

Hatua ya 2: Jifunze wakati wa kutoa

Tuseme mko wanne mezani, na mpinzani wa kwanza anamshambulia wa pili kwa kiumbe kikubwa kisicho na uwezo wa kukanyaga. Baada ya shambulio kutangazwa, na kabla ya wazuiaji kuchaguliwa, lipa mana moja ya kijani umpe anayeshambuliwa kiboko mdogo. Atamtumia kuzuia, na shambulio lote litaishia hapo. Kwa mana moja umeokoa uhai wa mtu, na umemzuia mwingine asipate nguvu kupita kiasi. Ushauri wangu ni kwamba makubaliano yafanyike kabla ya kutoa, kwa maneno yaliyo wazi mbele ya wote, kwa sababu shukrani inayodaiwa baadaye huzua mabishano.

Uwezo wa buluu nao utauhitaji mara kwa mara. Kamanda akiuawa na kurudi eneo lake maalumu la makamanda, kumwita tena kunaongezeka mana 2 kila mara. Bali ukimrudisha mkononi mapema, utamwita tena kwa mana 4 zilezile.

Hatua ya 3: Weka kadi zinazochuma kutokana na zawadi

Suture Priest humpunguzia mpinzani uhai 1 kila anapopata kiumbe, kwa hiyo kila kiboko mdogo unayemgawia anakuwa pigo. Ukiwa pia na Seedborn Muse, ambaye huziamsha ardhi zako katika zamu ya kila mchezaji, utagawa viboko mfululizo bila kukaukiwa. Elesh Norn, Grand Cenobite hupunguza viumbe vya wapinzani kwa 2/2, hivyo kiboko mdogo hufa mara tu anapofika, nawe unabaki na uwezo wa kukanyaga bila kumwachia mtu mzuiaji.

Usimsahau Questing Phelddagrif wa mwaka 2001, ambaye hawezi kuwa Kamanda lakini anafaa sana ndani ya fungu. Kwake yeye mana ya buluu humpa uwezo wa kuruka bila kumrudisha mkononi, huku mpinzani akipewa hiari ya kuvuta kadi. Kukiwa na Smothering Tithe mezani, anayevuta asipolipa mana 2 anakupa Hazina, na Hazina hiyo inalipia mana ya buluu inayofuata. Kukiwa na Consecrated Sphinx, mpinzani akivuta kadi moja, wewe unavuta mbili. Wenzako wakishaelewa hesabu hiyo wataanza kukataa kuvuta, nawe uwe umelitarajia hilo.

Hatua ya 4: Panga ardhi na vyanzo vya mana

Fungu la Kamanda lina kadi 100 pamoja na Kamanda mwenyewe, na isipokuwa ardhi za msingi hakuna kadi inayoruhusiwa kujirudia. Mimi huweka ardhi 37 na vyanzo vingine vya mana 11, miongoni mwao Sol Ring, Arcane Signet, Birds of Paradise na Cultivate. Ukimtoa na Kamanda, zinabaki nafasi 51.

Hatua ya 5: Jilinde, kisha maliza mchezo

Propaganda na Ghostly Prison huwatoza wapinzani mana 2 kwa kila kiumbe kinachokushambulia, na hivyo huwaelekeza kwa wengine. Swords to Plowshares na Generous Gift huondoa tishio huku zikimwachia mwenye mali kitu kidogo, jambo linalopunguza kinyongo.

Njia yetu ya kumaliza mchezo ni kumtoa kila mpinzani kwa madhara 21 ya mapigano kutoka kwa Kamanda. Kiboko wa nguvu 4 angehitaji mapigo 6, jambo ambalo ni polepole mno. Mwekee Bear Umbra inayomwongezea 2/2, na mapigo 4 yatatosha. Kadi hiyo pia huziamsha ardhi zako zote kila anaposhambulia. Kwa hiyo tumia mana yako kwanza, shambulia, kisha lipa nyeupe aruke. Kumbuka tu kwamba ukimrudisha mkononi wakati ameivaa, Bear Umbra itakwenda makaburini.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kuketi na wenzako

Changanya kadi, vuta 7, na ucheze peke yako hadi zamu ya nne. Rudia mara 10. Ikiwa mara nyingi unafika zamu hiyo bila rangi zote tatu, ondoa ardhi mbili za msingi uweke zinazotoa rangi zaidi ya moja, kama Command Tower, kisha urudie jaribio.