Ukitaka kutembelea shamba la familia nje ya nchi, anza na viatu

Watu wakipanga safari ya hivi wanawaza picha, mimi nawaza viatu. Matope ya kwenye soli yanaweza kubeba virusi vya mifugo toka shamba moja mpaka lingine, na ule ugonjwa wa miguu na midomo sio mchezo kabisa, Uingereza mwaka 2001 walichinja mifugo zaidi ya milioni 6 ili kuuzima, na Ujerumani walikuwa hawajauona tangu 1988 ukaibuka tena Januari 2025. Kwahiyo beba gambuti au kiatu chochote kinachoosheka, kisugue kwa brashi na sabuni mpaka kwenye vile vijifereji vya chini, kabla ya kuingia na ukishatoka. Wenyewe wakikwambia vaa gambuti zetu, vaa, usianze ubishi wa saizi.

Kupata shamba sasa. Italia ni rahisi, wana agriturismo, yaani mashamba yanayolaza wageni, na sheria yao inataka anayekupokea awe mkulima kweli na kilimo ndio kibaki kazi kuu, wageni ni nyongeza tu. Kama hela imebana kuna WWOOF, mtandao wa kujitolea kwenye mashamba ya kilimo hai, ilianzia Uingereza 1971, unasaidia kazi unapewa chakula na kulala, ila uliza ubalozi kwanza maana kuna nchi wanahesabu hiyo ni ajira na viza ya utalii haikuruhusu, utarudishwa hivihivi. Zile ziara za basi za masaa mawili binafsi sizipendi, unashushwa, unapiga picha na mbuzi, unaondoka. Lala hata usiku mmoja. Ng'ombe wa maziwa wengi wanakamuliwa mara mbili kwa siku, alfajiri na jioni, na hapo ndio shamba linaonekana lilivyo, saa sita mchana utakuta watu wamepumzika na wewe unazurura tu.

Kabla hujaenda waulize kazi zinaanza saa ngapi, kama kuna mbwa wamefunguliwa, na kama kupiga picha ni ruksa, manake pale ni nyumbani kwa watu, kuna watoto wao na nguo zimeanikwa.

Ukiwa ndani geti ulilokuta limefungwa lifunge, ulilokuta wazi liache wazi, hata kama unaona wamesahau, pengine mifugo inafuata maji upande wa pili. Usipite katikati ya ng'ombe na ndama wake, na huyo ndama hata akiwa mzuri vipi usimsogelee, mama zao wanaua watu kweli. Farasi usimwendee kwa nyuma. Waya wowote wa uzio chukulia una umeme mpaka uambiwe hauna. Na mjamzito akae mbali na kondoo wakati wanazaa, kuna maambukizi pale yanaweza kuharibu mimba.

Mikono ni maji na sabuni, ile jeli ya kwenye chupa haifanyi kazi vizuri mkono ukiwa na uchafu. Maziwa ukipewa mabichi, yametoka kukamuliwa sasa hivi, omba yachemshwe kwanza, sema tumbo lako halijayazoea, hakuna atakayenuna, wao wameyazoea wewe hujayazoea, na brusela, ugonjwa wa mifugo unaopita kwenye maziwa mabichi, ikishakuingia unahangaika na homa wiki na wiki.

Siku ya kuondoka usifiche kitu uwanja wa ndege. Forodha ya Marekani wanataka useme kama umekuwa shambani au karibu na mifugo, Australia nao wanauliza habari za siku 30 zilizopita. Jibu ndio. Mara nyingi watakagua viatu au wavisafishe basi, faini ni ya anayedanganya. Na ile jibini au soseji aliyokufungia bibi mwenye shamba, angalia kwanza nchi unayoingia wanaruhusu nini, Umoja wa Ulaya kwa mfano msafiri akitokea nje hawamruhusu kuingia na nyama wala maziwa kwa sehemu kubwa. Mimi ningeila hukohuko, na mkate wao.