Maji yapi yataganda kwanza? Ninavyopanga somo la uchunguzi WhatsApp

Nafundisha fizikia, na likizo zikifika kidato cha tatu tunakutana WhatsApp. Zamani nilikuwa natuma picha za notsi za somo. Wanajibu "asante ticha", kimya. Sasa Jumatatu natuma swali tu: mabakuli mawili yanayolingana, moja lina maji ya moto, jingine ya baridi, yakiingia friza pamoja yapi yataganda kwanza?

Chagua swali ambalo mwanafunzi anaona jibu lake liko wazi. Hili lina asili ya hapa kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu shule ya sekondari Magamba, aliweka friza mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa bado wa moto, ukatangulia kuganda. Alipouliza, akachekwa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam, wakachapisha waliyoyaona. Ila usiwasimulie mapema! Wote watajibu "ya moto" na somo limekufia hapo.

Ubashiri waulete inboksi, pamoja na sababu. Kundi lifunge, aandike admini peke yake. Mara ya kwanza sikulifunga: kinara wa darasa akaandika jibu, wengine wakamiminika na "namuunga mkono".

Halafu wajaribu. Friza hazipo kila nyumba, kwa hiyo wagawe watanowatano, kila kundi liwe na mwenye friza au jirani anayeuza barafu. Maji ya moto amimine mtu mzima, wala wasitumie glasi. Picha moja kila nusu saa inatosha. Video zinamaliza bando.

Matokeo yatagongana, na hapo ndipo pa kukaa. Mimi sitoi jibu, nauliza. Mliposema "limeganda" mlimaanisha utando wa juu au bakuli zima? Bakuli la moto liliyeyusha barafu ya friza chini yake likagusana vizuri na ubaridi? Lilifunikwa, au mvuke ulipunguza maji? Juzi binti mmoja aligundua kwamba wenzake walipima maji kwa macho. Ugomvi huo ulichukua siku mbili, nikauacha uendelee.

Wakishachoka kubishana, ndipo nawapa Mpemba, na papo hapo utafiti wa Uingereza wa mwaka 2016 ambao haukuona ajabu hiyo, ukaonya kuwa kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kudanganya. Watauliza, "Kwa hiyo Mpemba alikosea?" Warudishie swali: watafiti wale walipima muda wa kufika nyuzi 0. Kufika 0 ndiko kuganda?

Alama sitoi kwa jibu. Kila mmoja ananiandikia sentensi inayoanza, "Ningebadili msimamo wangu kama ningeona…" Anayeshindwa kuimalizia namrudisha kwenye picha za kundi lake.

Na umeme ukikatika katikati, wasifute jaribio. Waandike saa ulipokatika na uliporudi, waseme bakuli lipi liliathirika zaidi.