Kabla hujaanza kutafuta data na makala za bure za baiolojia, soma hii kwanza

Naandika hii kwa sababu nimechoka kuona watu wanapoteza miezi. Vitu vya bure kwenye sayansi ya viumbe ni vingi kweli, havina shida, shida ni sisi tunavyovivamia bila kujiandaa. Mimi mwenyewe yalinikuta, nitakusimulia huko chini.

Cha kwanza, andika swali lako kwenye karatasi, sentensi moja, ndo ufungue kompyuta. Ukiingia PubMed, ile tovuti ya kutafutia makala za tiba na baiolojia, na neno "malaria" peke yake unarudishiwa makala zaidi ya laki moja na hapo hapo umeshapotea.

Halafu tofautisha PubMed na PubMed Central, tafadhali. PubMed ipo bure tangu 1997 ila inakupa ikisiri (muhtasari wa makala) na linki ya jarida, basi. PubMed Central ilianza 2000 na huko unasoma makala nzima bila kulipa. Wengi wanaona jarida linadai hela wanafunga ukurasa wanasema "sijapata kitu", kumbe makala hiyo hiyo imekaa PubMed Central au mwenzake wa Ulaya, Europe PMC, inawasubiri. Weka tiki kwenye kichujio cha makala kamili za bure, sakinisha Unpaywall kwenye brauza yako ikutafutie nakala halali, na kama uko chuo au hospitali uliza maktaba kama mmesajiliwa Hinari, ule mpango ambao WHO iliuanzisha 2002 kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, kwa sababu kuna taasisi zimesajiliwa na nusu ya watu ndani hawajui. Ikishindikana kabisa mwandikie mwandishi mwenyewe barua pepe ya mistari miwili, mtaje makala, muombe nakala. Wengi wanatuma na wanafurahi kuna mtu anawasoma.

Makala za tovuti za bioRxiv (tangu 2013) na medRxiv (tangu 2019), ambako watu wanaweka kazi zao kabla ya jarida, ni za bure zote na ni mpya mpya, lakini hazijapitiwa na wanasayansi wengine, kwa hiyo ukizitumia sema hivyo wazi, na rudi uangalie kama zimeshatoka kwenye jarida maana matokeo huwa yanabadilika katikati. Pia angalia kama makala imefutwa, yaani jarida lenyewe limeikana. Ile ya Wakefield iliyohusisha chanjo ya MMR (surua, matumbwitumbwi na rubela) na usonji ilitoka jarida la The Lancet 1998 ikafutwa 2010, miaka 12 watu wanaitaja, na nakala uliyoisevu kwenye laptopu yako haijifuti yenyewe wala haikupigii simu kukuambia. Databezi ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizofutwa, iko wazi kwa kila mtu tangu shirika la Crossref walipoichukua 2023, kwa hiyo kuangalia ni dakika moja.

Kwa protini nenda UniProt, ila angalia kama ukurasa uliofungua umepitiwa na binadamu au umeandikwa na kompyuta tu. Ziko sehemu mbili mle ndani, Swiss-Prot ambayo wataalamu wamekaa wakasoma ushahidi, na TrEMBL ambayo programu imekisia kwa kufananisha, na hii ya pili ndo kubwa kuliko ile kwa mbali sana. Vile vile AlphaFold, maumbo ya protini zaidi ya milioni 200 yaliyokisiwa na kompyuta, bure, mazuri kuangalia, lakini ni utabiri. Kila sehemu ya umbo ina rangi inayokuambia uhakika wake, bluu nzito unaweza kuiamini, ile ya machungwa usijenge hoja juu yake. Umbo lililopimwa maabara liko Protein Data Bank, anzia huko kama lipo.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Toleo. Ukisahau yote niliyosema shika hili.

Nilikuwa natafuta mabadiliko ya DNA kwenye jeni za damu. Sikuwa na hela ya kusoma sampuli zangu kwa hiyo nikasema nitatumia data za bure tu, na ziko nyingi. Nikachukua jedwali la nyongeza la makala moja ya 2012, jedwali safi kabisa, safu ya kromosomu, safu ya nafasi, herufi ya kawaida, herufi iliyobadilika. Nikaenda Ensembl, hifadhi ya data za jenomu, nikachukua faili la jeni zote na mipaka yake, jeni hii inaanzia namba hii inaishia namba hii. Nikaandika programu fupi ya kuunganisha, badiliko likiangukia ndani ya mipaka ya jeni fulani basi ni la jeni hiyo. Ikakimbia vizuri. Hakuna kosa hata moja lililotokea kwenye skrini, na hapo ndo penye hatari, kwa sababu kompyuta inaona namba na namba, inalinganisha, inakupa jibu, haijui kama hizo namba zimehesabiwa kuanzia sehemu tofauti.

Matokeo yakaja ya ajabu kidogo. Mabadiliko mengi yaliangukia katikati, nje ya jeni. Badala ya kushtuka mimi nikaona nimegundua kitu, nikaanza kusoma kuhusu maeneo yanayowasha na kuzima jeni, nikaandika kurasa, nikachora michoro, wiki tisa zikaenda hivyo. Nilipompelekea msimamizi wangu hakusoma hata utangulizi. Alifungua jedwali akaniuliza, "Selimundu iko wapi hapa?" Nikamwambia ipo Profesa, kromosomu 11. Akasema nionyeshe.

Badiliko la selimundu ni moja, linajulikana dunia nzima, liko kwenye jeni ya HBB na namba yake ya utambulisho ni rs334. Kwenye jedwali langu lilikuwa nafasi ya 5248232. Profesa akafungua ukurasa wa rs334 palepale mbele yangu, ukasema 5227002. Tofauti ya besi 21,230, yaani herufi za DNA. Jeni ya HBB yenyewe ina urefu wa besi kama 1,600 tu, yaani badiliko maarufu kuliko yote ya damu mimi nilikuwa nimeliweka mbali kabisa nje ya jeni yake, na mengine yote yaliyofuata yalikuwa hivyo hivyo. Profesa hakunigombeza. Alifunga laptopu taratibu akasema anza upya. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi muda mrefu.

Kilichotokea ni hiki. Jenomu ya binadamu ya kulinganishia, yaani ule mfuatano wa DNA wa mfano ambao namba zote za nafasi zinahesabiwa juu yake, ina matoleo. GRCh37 ilitoka 2009, GRCh38 ikatoka Desemba 2013, na kila toleo linaziba mapengo na kurekebisha makosa ya lile la nyuma, kwa hiyo namba zinasogea, hapa kidogo pale sana. Ile makala ya 2012 ilitumia la zamani, faili la Ensembl lilikuwa la jipya. Jedwali halikusema ni toleo gani, ilikuwa imeandikwa mahali pamoja tu kwenye sehemu ya mbinu ya makala, neno "hg19", ambalo ni jina lingine la GRCh37, na mimi nililipita. Na siku hizi kuna jenomu nyingine tena, ile iliyokamilika mwanzo mpaka mwisho iliyochapishwa 2022, nayo ina namba zake.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye KABLA ya kuunganisha chochote. Chagua badiliko moja unalolijua, hata hiyo hiyo rs334, litafute kwenye kila faili uone nafasi yake. Ukikuta 5248232 ni GRCh37, ukikuta 5227002 ni GRCh38. Na usishangae jedwali likisema T imekuwa A wakati kitabu kinasema A imekuwa T, jeni hiyo inasomwa kutoka uzi wa pili wa DNA, ambako A inakaa mkabala na T. Mafaili yakitofautiana toleo usikokotoe kwa mkono eti unatoa 21,230 kila mahali, haifanyi kazi hivyo, tumia LiftOver ya UCSC, inahamisha namba kutoka toleo moja kwenda jingine, iko bure. Namba za GenBank na RefSeq, hifadhi za mifuatano, nazo soma mpaka mwisho, mfano NM_000518.5 ile nukta tano ni toleo, ukiandika bila nukta mtu wa baadaye anaweza kupata mfuatano tofauti na wako. Na juu ya kila faili unaloshusha andika mistari minne, limetoka wapi, toleo gani, tarehe gani, linki gani. Mimi sasa hivi faili lisilo na hiyo mistari silifungui, nalishusha upya.

Excel nayo. Usifungue orodha ya jeni kwa kubonyeza mara mbili, maana SEPT2 inageuzwa kuwa tarehe ya Septemba na MARCH1 inakuwa ya Machi, na ukisevu imeenda hiyo. Tatizo lilikuwa kubwa mpaka 2020 majina ya jeni hizo yakabadilishwa rasmi kuwa SEPTIN2 na MARCHF1, ila mafaili ya zamani bado yako na majina ya zamani. Ingiza kama maandishi.

Mengine haraka haraka. Data ghafi za mifuatano ni nzito, sampuli moja tu inaweza kula gigabaiti nyingi, angalia ukubwa kabla hujabonyeza kushusha, na kama laptopu yako ni dhaifu tumia Galaxy, unafanya uchambuzi kwenye brauza wanatumia mashine zao. Data za wagonjwa kule dbGaP na EGA hazichukuliwi tu, unaomba, unajaza fomu, taasisi yako inasaini, usipange projekti ya miezi mitatu inayotegemea kibali ambacho hujakiomba. Bure kusoma siyo bure kutumia, angalia leseni, CC BY unatumia ukimtaja mwenyewe, CC BY-NC usiiguse kama kuna biashara.

Na sevu nakala yako. Vitu vya bure huwa vinafungwa, KEGG, databezi ya jeni na njia za kemia za mwili, walianza kutoza ada ya kushusha mafaili yao kwa mkupuo 2011 na walioyazoea wakajikuta nje. Weka sehemu mbili, moja isiwe kwenye laptopu hiyo hiyo. Tovuti ikikuomba kadi ya benki kukupa makala ya "bure", toka. Barua pepe ikikusifia na kukuomba utume makala yako kwenye jarida ambalo hujawahi kulisikia, tafuta kwanza kama limo DOAJ, ile orodha ya majarida ya bure yaliyokaguliwa, na hata likiwemo soma makala zake mbili tatu uone zikoje, usijibu usiku ukiwa umechoka, na linki za ndani ya barua hizo usibonyeze, andika anwani mwenyewe.