Chungulia silinda kabla hujakubali kununua injini

Mama mmoja aliniletea Toyota IST yake hapa gereji, Tabata. Gari lilikuwa limechemsha kwenye foleni, na fundi wa kwanza akamwambia injini imekufa, atafute nyingine. Alikuwa ameshaanza kuulizia mkopo. Nikamwomba anipe saa moja tu na kamera yangu ya waya, ile ya kuchomeka kwenye simu.

Kichwa cha kamera cha milimita 5.5 kinatosha. Plagi za magari mengi ya Toyota tunayotengeneza zina uzi wa milimita 14, kwa hiyo kinapita kwenye tundu la plagi na bado kinageuka. Ukiweza, nunua yenye jicho la pili la pembeni. Za jicho moja huja na kioo kidogo cha kupachika, nami kioo hicho sikiingizi kwenye silinda, tundu inamopanda na kushuka pistoni, hata siku moja. Kikichomoka humo ndani, hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, utaifungua utake usitake.

Acha injini ipoe kabisa. Toa koili zinazopeleka umeme kwenye plagi, halafu pulizia upepo kwenye mashimo ya plagi kabla hujazilegeza. Tafadhali usiruke hapa: mchanga uliokaa pale chini utaangukia pistoni na kusugua ukuta uleule uliokuja kuukagua. Plagi zipange mezani kwa namba za silinda zake.

Gia iwe huru, hendibreki juu, ufunguo mfukoni mwako. Injini zungusha kwa mkono, kwa soketi kwenye boliti ya puli ya kranki (mhimili mkuu wa injini), kufuata upande inaozungukia yenyewe. Kamera itoke kwanza kila unapozungusha. Ukuta wa silinda unaonekana vizuri pistoni ikiwa chini. Kwenye silinda nne za mstari, pistoni ya 1 na ya 4 hushuka pamoja. Ukishazimaliza, zungusha nusu, ya 2 na ya 3 zitakuwa chini.

Ukuta wenye afya una mistari myembamba inayopishana kama ukili wa mkeka. Hiyo ni alama ya kiwandani na kazi yake ni kushika oili. Michirizi ya wima, ya juu kwenda chini, ndiyo ya kutisha, na hapo ndipo vijana wengi wanapodanganyika. Taa ya kamera ikiwa kali, kila mkwaruzo unaonekana mfereji. Punguza mwanga, geuza kichwa, tazama tena. Mstari unaopotea mwanga ukihama ni wa juujuu. Ukibaki na kivuli kila unakomulika, na ule mkeka umefutika pembeni yake, ukuta umeliwa. Zione silinda zote nne kabla ya kumwambia mwenye gari neno lolote, maana silinda nzima ndiyo itakayokufundisha kuisoma mbovu.

Juu ya pistoni, masizi makavu ni kawaida kwa gari lililotembea. Yakiwa mabichi kwa oili kuzunguka ukingo, shuku ringi, zile pete za pistoni zinazozuia oili isipande. Alama za mwezi mwandamo ni valvu zimegonga. Valvu ya ekzosi iliyoungua utaikuta imemegeka ukingoni, na hiyo huonekana kwa jicho la pembeni. Ringi zenyewe kamera haizioni, wala ufa mwembamba, kwa hiyo kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, bado ipimwe.

Plagi zirudishe kwa vidole mpaka ziishie, ndipo ushike spana. Ikikataa mwanzoni, itoe uanze upya, usiilazimishe, maana uzi wa hedi ni wa aluminiamu.

Kwenye IST ile, pistoni ya 1, ya 2 na ya 4 zilikuwa nyeusi. Ya 3 iling'aa kama sufuria lililosuguliwa kwa mchanga. Maji yakipenya kwenye silinda hugeuka mvuke na kuosha masizi yote. Nilimpa mama simu aangalie mwenyewe, nikamwonyesha na kuta: mkeka ulikuwepo kwenye zote nne. Akaniuliza, "Sasa injini ninunue, au nisinunue?" Nikamwambia asinunue, tufungue hedi kwanza.

Hedi ilipotoka tukakuta gasketi yake, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imekatika kati ya silinda ya 3 na njia ya maji. Hedi ikapelekwa kusawazishwa, tukafunga gasketi mpya, na rejeta iliyoziba, iliyolichemsha gari lile tangu mwanzo, tukaibadilisha.